Hodi Isiyopigwa

Hapo zamani, si zamani ya mababu, zamani ya juzi tu, zahanati moja ilipata programu ya kuwakumbusha akina mama chanjo za watoto. Ilikuwa programu huria: haiuzwi, na yeyote anaweza kuifungua ndani, akaisoma, akaitengeneza. Aliyeitunza ni Ombeni, kijana wa mjini, asiyepewa hata ahsante.

Ilikuwa na hitilafu. Wanawake wawili wakiandikishwa kwa simu moja, wa kwanza hufutika. Kimya kimya. Na nyumba ngapi pale zilikuwa na simu moja!

Nesi Tabu aliona baadhi ya akina mama hawapati ujumbe. Akaingia kwenye ukurasa wa programu, mbele ya walimwengu, akaandika: "Programu yenu mbovu! Haifanyi kazi! Rekebisheni!" Basi. Roho ikatulia.

Ombeni akamjibu: "Dada, hata mganga huuliza panapouma. Ulibonyeza nini? Ulitegemea nini? Ukaona nini?"

Tabu akasonya. "Ananihoji kama mwizi wa kuku!" Hakujibu. Ombeni naye akaifunga taarifa ile, isishughulikiwe tena, akaandika chini yake, "Ramli sipigi." Watengeneza programu wenzake wakacheka.

Sefania, karani wa zahanati, mwenye shahada ukutani, akaijaribu programu mwenyewe. Aliandikisha akina mama wawili wa kubuni kwa namba moja. Wa kwanza akatoweka. Akarudia, akatoweka tena. Akapiga picha ya skrini, akaandika taarifa safi. Hakuituma. "Kiingereza chake hakijakaa sawa," alijiambia. "Watanicheka na mimi." Akawa anaing'arisha, anaing'arisha.

Sikitu, aliyetumia simu moja na mke mwenzake, akangoja ujumbe wa chanjo ya surua. Haukuja. Surua ikaja. Mtoto akapona, masikio hayakupona.

Ndipo Sefania akaituma taarifa yake. Ombeni akairekebisha programu kabla chai yake haijapoa.

Akaja kutoka mjini, wakaenda yeye, Tabu na Sefania kwa Sikitu kuomba radhi. Mlangoni wakasimama.

"Tangulia wewe, Ombeni," Tabu akanong'ona. "Nilisema, ukanifanya kichekesho."

"Ulisema? Ulipiga kelele, dada. Nilikuuliza, ukanuna. Aliyejua ni Sefania."

Sefania alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilijua, ndiyo. Lakini kwa mlivyomcheka mwenzangu, ningethubutu?"

"Usinitwishe woga wako!" akasema Ombeni.

Barazani mtoto alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria, amewapa mgongo. Sauti ya mama ikatoka ndani: "Riziki! Riziki, mwanangu!" Mtoto hakugeuka. Mama akaita tena, kwa mazoea tu.

Kisha akasikia miguu. "Nani hapo nje? Mbona hampigi hodi?"

Kila mmoja akamsukuma mwenzake mbele.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, na msinijibu haraka kama wajuaji: Sikitu bado anangoja. Je, hodi ile, nani alistahili kuipiga kwanza?