Mbwa Aliyengoja Hodi

Paukwa!
— Pakawa!
Masikio?
— Yako hapa!
Miguu ya kwenda kulala?
— Imekataa!

Ikiwa imekataa, ikunjeni, mtu asijikwae. Hapo kale, mbwa walipokuwa na adabu na wakubwa walipokuwa na sheria, palikuwa na kijiji kiitwacho Usangule. Humo aliishi mwanamke mfinyanzi, jina lake Nyamizi. Chungu chake ukikipikia maharage, jirani aliyekununia tangu masika anakumbuka kuja kukujulia hali.

Siku moja Nyamizi alikwenda kwenye shimo la udongo. Akasikia mlio chini. Akachungulia: mbwa! Wala si mbwa mtoto. Mbwa mtu mzima, mdomo umeota mvi, amekaa kwenye tope kimya kama mtu anayengoja kuitwa shaurini.

"Baba wee, umefikaje huko?"

Mbwa akamtazama tu. Nyamizi akashuka, akambeba mgongoni kwa kanga kama anavyobebwa mtoto, akapanda naye. Akampa jina Wasemeje, maana alijua watasema.

Wakasema.

Sasa sikilizeni shida ilipoanzia. Wasemeje alikuwa na shukrani nyingi, na shukrani zake zote zilikaa mkiani. Uani kwa Nyamizi kumejaa vyungu vibichi vinavyokauka. Nyamizi akitoka ndani, mkia: chapu, chapu! Chungu chini. Akirudi kisimani, chapu! Mtungi chini. Akipiga chafya tu, mbwa akafurahi kwamba bado yu hai, mitungi miwili chali.

"Baba," Nyamizi akamwambia, "nakupenda. Lakini kwa furaha hii tutakufa njaa." Akamfunga nje, kwenye uzio.

Kijiji hicho kilikuwa na Jumbe, Jumbe Msengi. Huyu alikuwa na sheria ya kila kitu. Ipo sheria ya jogoo kuwika. Ipo sheria ya moshi kupanda upande upi. Moshi ndio peke yake uliokuwa ukikaidi. Na siku hizo tarishi wake alizunguka na ngoma:

"Mbwa asiye na mlango wake, siku ya gulio atauawa! Jumbe amesema! Asiyesikia ameambiwa!"

Nyamizi akaenda kwa Jumbe. "Jumbe, mbwa wangu ananijua mimi."

"Analala wapi?"

"Kwenye uzio. Akikaa mlangoni kwangu, vyungu vinakwisha."

"Uzio si mlango. Sheria imesema mlango. Mtafutie mtu mwenye mlango, nami nitakuja kumkagua. Tena mkaguzi lazima aingie ndani. Ukaguzi wa nje hautambuliwi."

"Na lile shimo lililommeza, Jumbe, lina sheria?"

"Hilo," akasema Jumbe, "linashughulikiwa."

Enhe, mnacheka. Mnalijua.

Nyamizi akamfungua mbwa, akamshika kamba, akapita njiani akiimba:

*Mbwa mzima, mdomo mvi,*
*nani ana mlango?*
*Kula yake makombo,*
*nani ana mlango?*

Akatoka Mihambo, mwindaji. "Dada Nyamizi, ana meno huyo?"

"Yote."

"Mlete."

Sasa Mihambo kazi yake ilikuwa kunyata. Alinyata porini mpaka akasahau kutembea kwingine. Hata kwake alinyata. Mke wake alishazoea kugeuka na kumkuta nyuma yake. Basi mchana akarudi na kanga begani, ndege si nguo, nyatu, nyatu, nyatu, hadi mlangoni. Wasemeje akasimama, akaziba mlango. Hakubweka. Hakuuma. Alionyesha meno tu, yale yote aliyoulizwa.

Mihambo kushoto, mbwa kushoto. Mihambo kulia, mbwa kulia. Ndani mke anacheka mpaka ameshika nguzo. Mwindaji akakaa juani kwenye kizingiti chake mwenyewe, mpaka yule ndege akaanza kunuka.

"Dada, chukua mtu wako! Nimezuiwa na nyati, nimezuiwa na mto. Kuzuiwa kwangu mwenyewe, ndiyo leo!"

Nyamizi akashika kamba, akaimba tena:

*Mbwa mzima, mdomo mvi,*
*nani ana mlango?*

Akatoka Mama Sitta, mpika pombe. "Mimi nataka mlinzi. Walevi wanaingia na kiu, wanatoka na vibuyu vyangu. Mlete."

Jioni wateja wakaja. Wasemeje kaziba mlango. Mmoja mwenye hekima, kwa sababu alikuwa bado hajanywa, akaita: "Hodi!"

Mbwa akasimamisha masikio. Akageuza shingo, akatazama ndani. Akangoja.

Ndani Mama Sitta anakoroga pipa na kuimba. Hasikii. Na hata angesikia! Tangu aanze kupika pombe, ni nani aliyewahi kukaribishwa? Watu huingia tu. Wateja wakaita, "Hodi!" Wakaita, "Hodi hodi!" Mwishowe wakaita kwa sauti nne, kama kwaya. Mbwa anatazama ndani, anangoja. Pombe ikachacha, walevi wakarudi kwao wazima, wakawatisha wake zao.

Nyamizi akaitwa. Akafika mlangoni. "Hodi!"

"Karibu, karibu, mchukue!" akafoka Mama Sitta. "Huyu si mbwa, ni baba mkwe!"

Na Wasemeje akasogea kando. Taratibu, kwa heshima, akalala chini.

Nyamizi akasimama. Akatoka nje tena, akaingia kimya. Mbwa huyo mlangoni, meno nje! Akarudi nyuma. "Hodi?"

"Karibu! Una nini wewe, umeonja pombe yangu?"

Mbwa kando.

"Ehee," akasema Nyamizi.

Nanyi mmeelewa? Mbwa alikuwa na kwao zamani. Alilelewa kwenye nyumba ambayo mtu haingii bila hodi, na hodi haiachwi bila karibu. Wenye nyumba hiyo walikwenda wapi? Mbwa hakusema, nami sitawatungia uongo nje ya huu nilioanza nao.

Kukapambazuka, siku ya gulio. Ngoma ya tarishi, du, du, du! Jumbe mbele, tarishi nyuma na rungu begani. Nyamizi akaimba mara ya tatu, lakini miguu ilikwisha kujua inakokwenda. Ilikwenda pembeni mwa msitu, kwa Mzee Lugusha, mrina asali.

Mzee huyu alifiwa na mke wake, Bi Kalunde. Tangu hapo kila akirudi kutoka mizingani husimama mlangoni kwake, nyumba tupu, na kuita, "Hodi!" Hungoja kidogo. Kisha huingia. Wanawake wa kisimani walimcheka. Nyamizi, aliyekuwa akimpelekea vyungu vya asali, alimsikia mara moja, na hakucheka tena.

"Mzee Lugusha, shikamoo. Nimekuletea mbwa."

"Marahaba. Mrudishe."

"Leo wanamwua."

"Mwanangu, mimi nimezika. Sitaki tena kitu cha kuzika." Akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda, akaupa mlango mgongo.

Wasemeje akanusa kizingiti. Akakizunguka. Akalala hapo, mdomo wake wenye mvi umeelekea nje.

Mara Jumbe huyu hapa! "Yuko wapi huyo mbwa? Kando, nakagua!" Akatia mguu mlangoni. Jumbe hakuwahi kupiga hodi maishani. Aliona milango ndiyo inayopaswa kumwamkia. Wasemeje akainuka. Meno.

Jumbe kushoto, mbwa kushoto. Jumbe kulia, mbwa kulia.

"Anamzuia Jumbe! Tarishi, rungu!"

Rungu likapanda juu. Nyamizi akapiga kelele: "Jumbe! Mbwa asiye na mlango anaulinda mlango upi?"

Rungu likabaki juu. Tarishi akamtazama Jumbe. Jumbe akalitazama rungu. Sheria ilikuwa imemgeukia mwenyewe, nayo ilikuwa na pembe.

"Sawa," akasema. "Nitaingia nihakikishe. Huyu anataka nini?"

"Anataka hodi, Jumbe."

"Hodi ya nani?"

"Ya anayeingia."

Jumbe akakohoa. "Naamuru hodi!" Mbwa hakusogea. "Hodi, kwa mamlaka niliyopewa!" Mbwa akakaa chini. Mpaka Jumbe akashusha mabega, akashusha sauti, akaita kama mtoto aliyetumwa chumvi: "Hodi."

Wasemeje akageuza shingo, akatazama ndani. Akangoja.

Mzee amewapa mgongo. Mkono wa tarishi umeanza kuchoka, na rungu lililochoka huanguka popote. Nyamizi amefumba macho. Mbwa anangoja. Tangu watu wa matanga walipotawanyika, hakuna mtu, ila mzee mwenyewe, aliyekuwa amepiga hodi kwenye mlango ule. Na huyu mnyama aliyetoka shimoni anamtazama Lugusha kisogoni kana kwamba nyumba ile ina mwenyewe.

Mzee akageuka polepole.

"Karibu," akasema.

Mbwa kando. Jumbe akaingia, akatazama paa, akatazama kigoda, akatikisa kichwa kwa uzito. "Mbwa ana mlango. Imekaguliwa." Rungu likashuka, nalo likampata tarishi kidoleni. Hilo nalo linashughulikiwa.

Nyamizi akaenda zake. Njiani akasimama ghafla. Mzee anaishi peke yake! Akitoka akirudi, nani atamjibu karibu? Atakaa nje kama Mihambo!

Kesho yake akajificha nyuma ya mti. Akamwona Mzee Lugusha anarudi na asali, amechoka. Akasimama mlangoni kama siku zote.

"Hodi!"

Akangoja kidogo.

Kutoka ndani, mara moja tu, bila haraka, kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima: "Wo!"

Maana mbwa aliyelelewa vizuri hajibu hodi badala ya mwenye nyumba akiwapo. Asipokuwapo ndani, aliyepiga hodi hataachwa nje, hata akiwa ni mwenye nyumba mwenyewe.

Mzee akavua kofia. "Starehe," akasema. Akaingia. Na vyungu vyake vya asali akavitundika juu darini, mbali na shukrani.

Hadithi yangu imefika kizingitini, ndani haiingii. Kama ni tamu, lambeni. Kama ni chachu, nirudishieni kesho.

Ila mkija, pigeni hodi.