Mkeka Usio na Pindo

Sogeeni karibu, niwape cha kale. Palikuwa na mji wenye kisima kimoja, na zimwi likakikalia.

Mfalme akakata shauri peke yake: zimwi liondoke.

"Nani kaamua?" likauliza.

"Mfalme."

Likacheka, likajinyoosha juu ya kisima. Mfalme akaamua tena, safari hii na mawaziri wake. Zimwi likauliza, likacheka, likalala. Midomo ya watoto ikapasuka kwa kiu.

Ndipo mzee mmoja wa mji, Faki, alipoukumbuka mkeka wa baraza la zamani, alioushona marehemu mkewe, Mize. Ulikuwa bado unanukia udi wake. Mize hakuutia pindo. "Nikitia pindo, bwana, nimewafukuza wanaokuja," alikuwa akimwambia.

Faki akautandika uani kwa mfalme. Mfalme akaketi, mkeka ukabaki vilevile. Mawaziri wakaketi, vilevile. Wanawake wachota maji walipoketi, ukili wa mkeka ukajisuka wenyewe, ukatoka mlangoni, ukafika miguuni mwa zimwi.

"Karibu uketi, babu," wakasema. "Wewe wataka nini?"

"Usingizi wa mchana. Ndoo zenu zanigonga kichwa."

Wakapatana: maji yachotwe asubuhi na jioni, adhuhuri babu alale.

"Nani kaamua?" akauliza mfalme.

"Sisi," likajibu zimwi, likaondoka kisimani hadi adhuhuri.

Tangu hapo kila amri ya mji hutolewa juu ya mkeka ule, nao hujaa watu. Ila ubavuni mwa Faki pana nafasi ndogo, na hakuna anayeikalia.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami siitii pindo.