Fundi wa Ukurasa wa Kwanza

Mtu mmoja alikuwa na karakana ya miguu ya bandia. Aliitwa Anatoli Ndimbo, na karakana yake ilikuwa Songea, nyuma ya nyumba aliyokaa na mkewe, Skolastika. Kazi hiyo aliisomea ujanani katika hospitali ya misheni. Alipofikisha miaka hamsini na sita alikuwa hajui kazi nyingine yoyote.

Ilikuwa kazi ya polepole. Mtu aliyekatwa mguu akifika, Anatoli alikishika kigutu chake kwa mikono miwili kabla hajashika kipimo. Alipapasa kujua palipo laini na palipo gumu, akauliza pale panapouma. Kisha alikizungushia plasta, akachukua umbo lake, akachonga kikombe cha kukipokea. Mguu ukiwa tayari, mgonjwa hakuruhusiwa kwenda nao. Alikaa siku tatu, akitembea uani asubuhi na jioni, na Skolastika alikaa kwenye kigoda akimtazama. Hakutazama mguu. Alitazama uso. Alisema, "Baba Getruda, huyu anaumia upande wa ndani," na Anatoli aliuvua ule mguu, akarudi nao mezani, akapunguza kidogo kwa msasa. Siku ya kwanza kila mtu alifurahi kusimama. Siku ya tatu ndipo mguu uliposema kweli.

Waliishi hivyo miaka mingi, na watu walitumana kwao kwa midomo. Halafu watu wakapungua. Uani pakawa patupu wiki nzima, kisha mwezi. Siku moja Anatoli alimkuta njiani mwalimu mmoja wa mtaa ule ule, anachechemea juu ya mguu mpya uliotengenezwa vibaya. Mwalimu yule alikuwa amesafiri hadi Dar es Salaam kuupata.

"Mwalimu, mbona ulipita mlangoni kwangu?"

"Nilitafuta kwenye simu, Mzee Ndimbo," alisema yule mwalimu, naye akaona aibu. "Wewe hukuwemo."

Neno hilo Anatoli alirudi nalo nyumbani, na halikumtoka. Kuwa fundi na usiwemo. Akaenda mjini kwa mtu aitwaye Kaluse, aliyetengeneza tovuti za maduka na nyumba za wageni, naye akamfungulia tovuti. Baada ya wiki mbili Anatoli alijitafuta kwenye simu. Alipitia ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jina lake alilikuta ukurasa wa saba, chini kabisa.

"Hakuna anayefika huko, mzee," Kaluse alimwambia. "Watu wanasoma majibu matatu ya juu, wanafunga. Lazima upande."

"Nitapandaje? Miguu yangu ni mizuri. Waulize waliovaa."

"Mtambo wa kutafuta hauvai mguu. Unasoma tu. Unapenda maandishi mengi na mapya. Unapenda maneno yale yale ambayo watu wanayaandika wanapotafuta. Unapenda kuona tovuti nyingine zinakutaja, na wateja wanakusifu. Hayo ndiyo unayoyaona. Mengine hauyaoni."

Kaluse hakuwa mwongo, wala hakuwa mtu mbaya. Alisema jinsi mambo yalivyo. Anatoli akaanza kupanda.

Kila asubuhi, saa alizokuwa akichonga, sasa aliandika. Aliandika jinsi ya kutunza kigutu, jinsi ya kuchagua mguu, aina za miguu, maswali kumi kuhusu miguu. Alipomaliza kuandika aliyoyajua, aliandika asiyoyajua, akiyaokota kwa wengine na kuyageuza maneno. Alijifunza kurudia "mguu wa bandia Songea" katika kila aya hata lugha ikawa kama ya mtu aliyepigwa kichwani. Macho yalimwasha. Mgongo uliozoea kuinamia meza ya kuchongea haukuzoea kuinamia kioo. Baada ya miezi mitano alikuwa ukurasa wa nne. Akipumzika wiki moja, wengine walimpita, akateremka tena. Akaelewa kwamba kazi ile haina siku ya kumaliza.

Muda wa kuandika ulipaswa kutoka mahali. Siku tatu za kutembea uani zikawa mbili, kisha moja. Na kwa kuwa mtambo ulipenda sifa, Anatoli alimwomba kila mgonjwa aandike neno kwenye tovuti kabla ya kuondoka. Waliandika siku ile ile ya kwanza, wakiwa bado wanacheka kwa sababu wamesimama. Skolastika aliondolewa kwenye kigoda chake, akapewa simu awapige picha.

Mwaka wa tatu, asubuhi ya Jumanne, Kaluse alipiga simu. "Mzee, fungua uone." Anatoli alifungua. Alikuwa wa kwanza. Juu yake hapakuwa na mtu. Alilitazama jina lake kwa kitambo, akasubiri furaha ije, lakini alikuwa amechoka mno. Aliweka simu chini, akalala mchana ule hadi jua likashuka.

Watu wakaja kweli. Walitoka Tunduru, Njombe, Masasi, wakajaa kwenye benchi, wengine wakakaa chini ya dirisha. Miongoni mwao alikuja mwanamke mmoja mkulima wa kahawa kutoka milima ya Mbinga, Oliva Kapinga. Jembe lilimkata kifundoni, kidonda kikaoza, wakamkata mguu chini ya goti. Alikuwa na miaka thelathini na nne na shamba lenye mteremko mkali. Alimwambia Skolastika kwamba anataka kitu kimoja tu, kushuka shambani bila kushikwa mkono.

Anatoli alimpima asubuhi, na siku ya pili mguu ukawa tayari. Oliva alisimama, akapiga hatua sita, akacheka, kisha akakaza mdomo kidogo. Skolastika alikuwa ameinua simu ampige picha. Akaishusha.

"Baba Getruda, huyu mama anasitasita."

Anatoli alitazama benchi. Watu wanane walikuwa wakisubiri, na makala ya siku ile alikuwa bado hajaiandika. "Atazoea," alisema.

Skolastika aliinua simu tena, akapiga ile picha. Oliva akaandika kwenye tovuti kwa kidole kimoja, taratibu, herufi kwa herufi: Fundi huyu amenirudishia maisha yangu. Njooni kwake msihangaike. Akaaga kwa heshima, akaenda.

Ilipita miezi minane. Alirudi siku moja ya mvua, akiegemea magongo mawili. Gauni lake lilikuwa limening'inia upande mmoja kuanzia juu, na Anatoli, ambaye hakumkumbuka usoni, alielewa mara moja alipotazama pale gauni lilipokosa goti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Pole. Imekuwaje?"

Alieleza bila kupandisha sauti. Kikombe kilimsugua upande wa ndani. Alidhani ndivyo ilivyo, akavumilia, maana alitaka kuwahi kuchuma. Likatoka lengelenge, likapasuka, likawa kidonda. Alipokwenda hospitali wilayani walimwambia amechelewa. Walimkata tena, juu zaidi. Shamba analilima mdogo wake sasa.

Anatoli alifungua mdomo aseme neno, lakini Oliva aliinua mkono.

"Sikuja kugombana, fundi. Nimekuja unifutie maneno yangu. Kule kwetu kuna mama anaitwa Bibiana, naye amekatwa. Ameyasoma, anasema kama Oliva mwenyewe ameandika, basi atakuja. Mimi nimemkataza hasikii, kwa kuwa simu inasema umekuwa wa kwanza. Yafute."

Skolastika alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa analia bila sauti, na alipomwona mumewe anageuka kumtazama, alisema tu, "Niliuona uso wake, Anatoli." Kwa miaka thelathini hakuwahi kumwita kwa jina lake mbele ya mgeni.

Anatoli aliyafuta maneno ya Oliva mbele yake. Halikuwa jambo gumu, alibonyeza mara mbili. Kisha akataka kumtafutia msaada, kwa sababu mguu wa juu ya goti ni kazi nyingine kabisa. Una goti lake la chuma, unataka vifaa na mikono iliyofundishwa, na yeye katika maisha yake yote hakuwahi kutengeneza hata mmoja. Akachukua simu, akaandika kama wanavyoandika watu wote wenye shida: fundi wa mguu wa bandia juu ya goti.

Jibu la kwanza likaja. Lilikuwa jina lake.

Alikuwa ameandika juu ya jambo hilo asubuhi moja, miaka miwili nyuma, kwa maneno aliyoyaokota, akayasahau. Aliyasoma pale akiwa amesimama. Yalisema yeye ni bingwa. Yalisema karibuni. Akateremka jibu la pili, la tatu, na wote aliwajua kwa namna walivyoandika. Walirudia maneno kama yeye. Hakuweza kujua yupi kati yao amewahi kushika kigutu na yupi ameshika kalamu tu. Akaizima simu. Mwishowe ilibidi atoke na kuuliza kwa mdomo, kwa muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwa jirani, naye akamtajia mama fundi mmoja wa Iringa, Bi Sarafina, asiye na tovuti wala picha. Anatoli alimpeleka Oliva kwake yeye mwenyewe, safari ya siku nzima.

Bi Sarafina alimkalisha Oliva majuma mawili. Alimpatia mguu. Oliva alisimama na kutembea mahali palipo tambarare. Mteremko wa shamba lake hakuweza kuushuka tena, wala hataweza. Hilo halikurekebishika, na sitaki kuwaficha ninyi mnaonisikiliza.

Aliporudi, Anatoli alifungua sehemu ya sifa kwenye tovuti yake. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Alikaa na Skolastika mezani, wakasoma jina moja baada ya jingine, na kila jina Anatoli aliuliza, "Huyu alikuwa na uso gani?" Skolastika alikumbuka baadhi. Yeye hakukumbuka hata mmoja wa mwaka ule wa mwisho. Wakaanza kupiga simu. Wengine walikuwa wazima, wakawashukuru. Wengi hawakupokea. Mzee mmoja wa Tunduru alisema mguu wake anautumia kuzuilia mlango. Na mara mbili simu ilipokewa na mjane.

Kisha Anatoli alimwita Kaluse, akamwambia aweke maneno mapya juu kabisa ya tovuti: Niliyempa mguu kwa siku moja, arudi. Nitautazama upya. Mguu wa juu ya goti siujui, nendeni Iringa.

Kaluse aliyasoma, akatikisa kichwa. "Mzee, ukiandika hivi watu watafungua na kuondoka. Mtambo utaona wanaondoka. Utaanguka."

"Najua," alisema Anatoli. "Andika."

Akaanguka. Haikuchukua hata nusu ya muda aliotumia kupanda. Kufikia mavuno alikuwa ukurasa wa tatu, na mwaka ulipokwisha hakujisumbua tena kujitafuta. Nafasi yake ilichukuliwa na mwingine. Bibiana alikuja, kwa kuwa Oliva mwenyewe alimleta safari hii, na alitembezwa uani siku tano, si tatu. Wengine waliorudi walikuwa na vidonda, na mwenye kidonda hatibiwi kwa siku moja. Mikono ya Anatoli ilikuwa imeanza kutetemeka, macho yameharibiwa na kioo, na kazi ya kurekebisha ilikuwa nzito kuliko kazi ya kutengeneza. Alifanya mmoja mmoja. Hakuna aliyemwandikia sifa. Jioni alikuwa amechoka kama alivyochoka zamani akipanda, na hakujua kama miaka aliyobakiwa nayo itatosha kuwamaliza wote.

Ndugu zangu, mnaniuliza kila mara mfanye nini ili watu wawaone, na mimi mwenyewe nimeutumia nusu ya uhai wangu kwenye swali hilo, nami nimechoka. Leo nawauliza lililobaki: mwenye maumivu akikutafuta, akakupata wewe wa kwanza, atakuwa amepata nini?