Mgeni wa Pili wa Mama Gundi

Wahenga walinena kuwa mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Maana yake ni kwamba anayetaka kutumikia pande mbili kwa wakati mmoja huumia yeye mwenyewe, hata kama moyo wake ni mweupe kama pamba.

Palikuwa na mwanamke mmoja, mtangazaji wa redio ndogo yenye chumba kimoja cha kurekodia, ambacho kuta zake zilizibwa kwa magodoro makuukuu ili kelele za barabarani zisipenye. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na kaka yake. Kaka ndiye aliyemsuka nywele za kwendea shule, tena upogo, huku akimwapia kuwa zimenyooka. Sasa kaka huyo alikuwa inspekta wa polisi, na wiki hiyo aliongoza msako wa fundi viatu aliyeitwa Gundi, aliyetuhumiwa kumjeruhi mlinzi wa duka.

Siku ya tatu ya msako, mama yake Gundi alimpigia mtangazaji simu. Alisema mwanawe yu tayari kujisalimisha, ila anaogopa kuuawa njiani. Alitaka kwanza asikike redioni, watu wajue kuwa yu mzima, ndipo aende kituoni. Alimsihi mtangazaji aje peke yake, naye angempeleka mafichoni.

Mhariri alikubali, akamkumbusha neno moja tu: "Sisi tunasimulia msako, hatusaki."

Hata hivyo, mtangazaji alipitia kwa kaka yake. Alimkuta macho yamemwiva kama pilipili kwa kukosa usingizi, akamhurumia, na siri ikamtoka. Kaka akamwomba afuatane na askari mmoja aliyevaa kizibao cha redio, ajifanye fundi wa mitambo. Mtangazaji akakataa. Kaka akavua kofia, akaiweka mezani.

"Mdogo wangu, vijana wangu wana hasira. Wakimwona kabla yangu, watampiga risasi. Nikimkamata mimi, mama yake atamwona tena. Nimewahi kukudanganya?"

"Hujawahi, kaka. Isipokuwa habari ya zile nywele."

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho ndicho kilichomlainisha.

Mama Gundi aliwapokea yeye na askari yule kwa bashasha, akiamini kuwa huyo wa pili ni fundi wa mitambo. Alipoinama kumsogezea mgeni wa pili kigoda, macho yake yalitua kwenye viatu vya mgeni huyo. Kwa miaka mingi alikuwa akimsaidia mwanawe kushona soli. Viatu vya askari alivijua kama anavyovijua viganja vyake. Aliinuka taratibu. Hakupiga kelele wala hakulaumu. Alisema tu kuwa kichwa kinamuuma, na kwamba habari aliyoitia watu haipo tena.

Siku hiyo hiyo Gundi alihama maficho. Wakubwa wa polisi walipopata habari, walimwondoa inspekta kwenye msako kwa kumkosa mtu aliyekuwa karibu kujileta. Mhariri naye alimwondoa mtangazaji kwenye habari zote za polisi. Siku mbili baadaye Gundi alijisalimisha mahakamani akiwa salama, ameshikwa mkono na mwalimu wake wa zamani, na sauti yake ikasikika katika redio nyingine. Mtangazaji alisikiliza huku akilia, kwa furaha na kwa aibu.

Asubuhi iliyofuata alirudi kwa Mama Gundi, safari hii peke yake, mikono mitupu. Alipiga magoti kizingitini, akakiri kila kitu, akaeleza kuwa alikuwa akiuhofia uhai wa Gundi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimwinua, akamfuta machozi kwa upindo wa nguo yake, akamletea maji.

"Kunywa, mwanangu," alisema kwa upole. "Najua hukututakia mabaya. Hapa ni kwako. Ukija na njaa utakula, ukija umechoka utalala. Lakini neno langu sitakupa tena, maana nikisema nawe sijui nasema na nani."

Mtangazaji alikunywa maji yale, akashindwa kuyamaliza. Alikuwa amependwa na kusamehewa, lakini hakuaminiwa tena, na kaka yake hakupata alichokitafuta. Hakika, mpanda farasi wawili hupasuka msamba.