Aliyekoroma Kwenye Tamasha la Sultani

Palikuwa na sultani mmoja, Hamduni jina lake, aliyejaliwa kila kitu isipokuwa mtu wa kumwambia basi. Siku moja akaandika kitabu. Kitabu chenyewe kilimhusu farasi wake, Marijani: alivyozaliwa, alivyoota meno, alivyokohoa mwaka ule wa mvua nyingi. Kilikuwa kinene kama tofali, na utamu wake ulikuwa huohuo.

Akaona ni dhuluma kitabu kama hicho kisikilizwe na mji mmoja tu. Akaitisha tamasha la fasihi la mataifa yote. Wakaja waandishi kutoka Uajemi, Ureno, Uturuki na Bara Hindi, kila mmoja na mkoba wa maandishi yake, wakakabidhiwa ratiba. Asubuhi, Sultani anasoma. Adhuhuri, mjadala juu ya alichosoma Sultani. Jioni, Sultani anaujibu mjadala. Wageni nao hawakusahauliwa, walitengewa muda wao wa kupiga makofi.

Kisha ikatoka amri: raia wote wahudhurie, na atakayesinzia atafukuzwa mjini kabla jua halijazama.

Sasa, mji ule ulikuwa na ada yake ya tangu zamani. Kikisomwa kitabu barazani, aliyepitwa na maneno kwa usingizi alikuwa na haki ya kusomewa upya tangu mwanzo, na waliokuwepo wote hukaa naye mpaka mwisho, kwa kuwa kumwacha mtu asomewe peke yake ni kumtenga. Ada nzuri sana, maana vitabu vya siku zile vilikuwa vifupi.

Alikuwepo pia mchoma mihogo aitwaye Machano, fukara mwenye mdomo. Siku ya tamasha ndiyo ilikuwa siku yake ya kuoa, ndoa ifungwe baada ya sala ya alasiri. Usiku wa kuamkia, rafiki zake walimpigia ngoma mpaka alfajiri, hakupata hata lepe la usingizi. Bi arusi, Mwanashungi, alimpenda kwelikweli. Lakini baba yake Mwanashungi alishatangaza kwamba bwana arusi akikosekana yupo binamu, na kanzu ya binamu ilishapigwa pasi.

Basi Sultani akasoma. Farasi mwenyewe alifungwa pale mlangoni ili wageni wamwone shujaa wa kitabu kwa macho yao. Ikafika sura ya tisa, Marijani bado hajaachishwa ziwa. Ghafla ukasikika mkoromo, tena mnene. Sultani akanyamaza. Askari wakatazama huku na huku, wakamkuta Machano kaachama, wakamburuta mbele. Machano akaingiwa na hofu ya kweli, akaanza kuiona ile kanzu iliyopigwa pasi.

"Umelala," akasema Sultani.

"Nilifumba macho, Mtukufu, nimwone farasi vizuri."

"Uliachama."

"Kwa mshangao."

"Na kukoroma je?"

"Sikumsikia aliyekoroma, Mtukufu. Nilikuwa nasikiliza kitabu."

Sultani akaita mashahidi. Waziri akaapa kwamba mtu huyu alilala kama gogo. Kadhi akatikisa kichwa kukubali. Machano akawatazama wote wawili, akapumua, akasema, "Basi nimelala. Tena nimelala tangu farasi hajazaliwa, kitabu chote kimenipita. Naidai ada ya mji."

Kadhi akauliza ni ada gani, ingawa aliijua tangu utoto wake.

"Nisomewe upya tangu mwanzo," akajibu Machano. "Nanyi nyote mkae nami, nisione nimetengwa."

Uso wa Sultani ukakunjuka, akalamba kidole, akaanza kurudisha kurasa nyuma.

Hapo waziri akainuka mbio. Akasema sasa ndiyo anakumbuka vizuri, jicho la kulia la Machano lilikuwa wazi kabisa. Kadhi akasema yeye aliliona la kushoto, nalo lilikuwa wazi vilevile. Mshairi wa Uajemi akaapa kwa lugha yake, na mkalimani, badala ya kutafsiri, akaapa kiapo chake mwenyewe. Mreno akasema kwao hajapata kuona mtu aliye macho namna ile. Hata askari waliomburuta wakasema walimburuta kwa kumpongeza.

Kadhi hakupoteza muda. Akahukumu kwamba Machano hakulala, hakuna aliyelala, na hukumu hii haitenguliwi na yeyote. Sultani akakifunga kitabu shingo upande, akamwambia Machano aende akaoe.

Machano akanyakua viatu vyake. Alipofika mlangoni, pale alipofungwa Marijani, farasi mwenyewe kichwa kimemwinamia na mdomo umemlegea, akasikia akiitwa.

"Ngoja wewe," akasema Sultani. "Mkoromo nimeusikia kwa masikio yangu. Kama si wako, ni wa nani?"

"Wa Marijani, Mtukufu."

"Marijani hajapata kulala mchana tangu azaliwe. Leo amepatwa na nini?"

Machano akamaliza kuvaa kiatu cha pili.

"Leo kasomewa kitabu."