Kona ya Ngazi

Wahenga hawakutuonea waliposema mkuki kwa nguruwe mtamu. Msiba wa jirani tunaufanyia utani. Wetu ukifika, ulimi unakuwa mzito. Ostap Zaruba alilijua hilo akiwa na miaka sabini na minne. Maskini, alichelewa!

Kwa miaka ishirini Ostap alikuwa msanifu mkuu wa majengo wa mkoa. Hapa kwetu Verbivka hakuna jengo lililosimama bila sahihi yake. Alipoambiwa abane nafasi ili nyumba ziongezeke, alikata sentimita thelathini pale ngazi zinapokata kona, katika kila jengo. Nyumba zikaongezeka, naye akavishwa nishani.

Mwaka huohuo Paraska, mkazi wa orofa ya tatu katika mojawapo ya majengo hayo, akafiwa na mumewe. Jeneza halikupita konani. Ikabidi marehemu ashushwe wima, kama kabati. Baada ya mazishi, Paraska akamfuata Ostap ofisini.

"Ostap, mwanangu, mume wangu ametoka kwake amesimama kama mlinzi! Ngazi ambazo hujajenga, ziongezee nafasi."

Ostap akacheka hadi miwani ikamteleza. "Mama, mimi najengea walio hai. Wafu hawajaniletea malalamiko."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Paraska akakaza kitambaa chake kichwani, akaenda zake. Majengo yakaendelea kuota, kona zilezile.

Alipostaafu, Ostap alimwachia binti yake nyumba kubwa, akahamia na mkewe Melania katika jengo hilohilo la Paraska, orofa ya nne. Huko Melania akaugua, ugonjwa usio na dawa. Alhamisi moja alimshika mumewe mkono.

"Ostap, unitoe nimelala. Nisisimamishwe kama mume wa Paraska. Niahidi."

"Nakuahidi," akasema, huku akijua vipimo vyote kichwani.

Siku ya mazishi, wabebaji waligonga jeneza mara tatu kizingitini ili Melania aage nyumba yake. Wakafika konani. Wakajaribu kulia, wakajaribu kushoto, wakaliinua juu ya vyuma vya ngazi. Wapi!

"Jaribuni tena, wanangu, tafadhali," Ostap akasihi.

"Mzee, halipiti." Mbebaji mmoja, mgeni wa mji, akafuta jasho. "Hivi aliyejenga ngazi hizi hakuwa na mama? Hakuwa na mke?"

Watu wakainamisha vichwa. Ostap akaweka mkono juu ya jeneza.

"Nilijenga mimi," akasema. "Mke nilikuwa naye. Ndiye huyo."

Wakamsimamisha Melania. Ndani ya jeneza kukasikika kishindo kidogo, mwili ukiteremka. Ostap akalikumbatia jeneza, akalia kama mtoto. "Nisamehe, mke wangu! Nilikuahidi, nisamehe!"

Chini mlangoni alisimama Paraska, sasa kizee cha mkongojo. Hakucheka. Alimshika Ostap mkono, akasema, "Pole, mwanangu. Najua."

Afadhali angemcheka. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.