Mnyororo wa Mtajiju

Wahenga walipotuachia methali isemayo kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hawakuwa wakizungumzia mbao wala kamba. Walikuwa wakituonya tusiyahukumu maisha ya mtu kwa kuyachungulia kutoka upande wetu wa ua. Mikidadi Mkude, mkazi wa Bigwa, mahali ambapo mji wa Morogoro unaanza kupanda milima ya Uluguru, aliifahamu methali hiyo tangu alipokuwa darasa la tatu. Aliweza hata kuieleza kwa mifano. Lakini methali ni kama pilipili: kuitaja tu hakuwashi ulimi.

Mikidadi alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala la mahindi la Bwana Ketan, katikati ya mji. Aliingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Akifika nyumbani alioga, akanywa chai ya rangi kwa kipande cha muhogo, akafunga madirisha, kisha akajitupa kitandani wakati majirani zake wakitoka na majembe na vikapu. Mkewe, Shamsia, alikuwa mmoja wa hao waliotoka, maana aliuza ndizi sokoni. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa miaka kumi na mmoja, na Mikidadi, ambaye alipenda kila kitu kikae mahali pake, hakuwahi kulalamika.

Kisha akaja Mtajiju.

Mtajiju alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia, mwenye sikio moja lililochanika na mbavu unazoweza kuzihesabu ukiwa mbali. Aliletwa na mpangaji mpya wa nyumba ya pili, mwanamke kijana aliyeitwa Hosiana, ambaye hakuonekana mchana wala hakusikika. Katika juma la kwanza mbwa huyo alikuwa akizurura njiani. Siku ya Ijumaa, Mikidadi alipokuwa akielekea msikitini na kanzu yake iliyonyooka kama karatasi mpya, Mtajiju alimkimbilia kwa furaha na kumlamba kuanzia mkono hadi pindo la kanzu. Mate ya mbwa ni najisi nzito, ambayo haitoki mpaka paoshwe mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Mpaka Mikidadi alipomaliza kuosha na kubadili nguo, swala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha. Hakugomba na mtu. Alikwenda kwa utaratibu mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, Bi Angelina, akaeleza yaliyompata, akarudi nyumbani. Tangu siku ile mbwa hakuonekana tena njiani, na Mikidadi akalisahau jambo hilo.

Hata hivyo, tangu siku ile ile mbwa alianza kubweka. Alianza saa tatu asubuhi, jua linapoingia uani kwao, na ilipofika saa sita sauti yake ilikuwa kama msumeno butu unaokata bati. Mikidadi alijifunika mto kichwani. Alitia pamba masikioni. Alihamia sebuleni, akarudi chumbani, akahamia jikoni kwenye mkeka. Usingizi ulimkimbia kama kuku aliyeona kisu.

Lililomchoma zaidi lilikuwa jina. Jumapili moja, siku yake ya mapumziko, alimsikia Hosiana akiita nyuma ya ua wa michongoma, "Mtajiju! Mtajiju, njoo ule!"

"Umesikia, Mama Raya?" alimwuliza Shamsia. "Mtajiju! Yaani shauri yetu sisi. Mwanamke huyu anatutukana kwa mdomo wa mbwa."

Hilo halikuwa wazo la kichaa. Watu wengi humpa mbwa jina lenye ujumbe ambao mwenye mbwa hawezi kumwambia jirani usoni. Pale Bigwa penyewe palikuwa na mbwa aitwaye Hayawahusu na mwingine aitwaye Semeni Mchoke, na kila mtu aliwajua waliosemwa.

"Baba Raya, nenda ukaongee naye," Shamsia alisema. "Miezi mitatu hii hujapiga hata hodi."

"Niende kwa mtu anayenitukana?"

"Utajuaje kama anakutukana, na hujamsalimu?"

Mikidadi aliinuka akafunga dirisha. Alikuwa na jambo jingine rohoni. Usingizi aliokosa mchana ulianza kumdai usiku. Mara ya kwanza alikutwa amesinzia kwenye kiti getini, kidevu kifuani. Mara ya pili tochi ilimdondoka mkononi, ikabingirika mpaka kwenye viatu vya Bwana Ketan mwenyewe.

"Mzee Mikidadi," Bwana Ketan alimwambia asubuhi yake, kwa sauti ya chini iliyoumiza kuliko makelele, "mimi nakuheshimu sana. Lakini ghala halilindwi na mtu anayeota ndoto. Hii ni barua ya pili. Ya tatu huwa ni ya kwaheri. Naomba usinilazimishe niiandike."

Mikidadi alikuwa na miaka hamsini na minne. Alijua vyema kwamba hakuna ghala katika mji ule lililokuwa likimsubiri mlinzi mwenye mvi. Alitoka pale ofisini akiwa amenywea, na getini akakutana na Jastin, kijana aliyekuwa mlinzi wa mchana.

"Mzee wangu, mbwa habembelezwi," Jastin alisema baada ya kusikia kisa chote. "Nyama robo, dawa ya panya kidogo, basi. Kesho yake unalala kama mtoto wa wiki."

"Hiyo ni dhambi, Jastin."

"Na kufukuzwa kazi ni thawabu?"

Maneno hayo yalimfuata Mikidadi njia nzima kama inzi kwenye kidonda. Jumamosi, akirejea kutoka kazini, alipita buchani na dukani. Alijaribu kulala kwanza, akijipa sababu ya kughairi. Lakini ilipofika saa sita msumeno ulikuwa ukikata bati palepale juu ya utosi wake. Akaamka, akaipaka nyama ile dawa kwa kijiti, akaizungushia gazeti, akatoka nje. Shamsia alikuwa sokoni. Mtaa wote ulikuwa kimya, isipokuwa mbwa.

Michongoma ilikuwa na mwanya karibu na choo. Mikidadi aliinama, akachungulia, mkono wa kulia ukiwa umeinuliwa tayari kurusha.

Hakuwahi kumtazama mbwa yule tangu afungwe. Mtajiju alikuwa amefungwa kwenye shina la mpapai kwa mnyororo mfupi. Katika kuzunguka akitafuta kivuli, mnyororo ulikuwa umejisokota shinani mpaka ukamwachia urefu usiozidi dhiraa moja. Kivuli cha mpapai kilikuwa kimehamia upande mwingine. Sufuria yake ya maji ilikuwa imepinduka hatua mbili mbele yake, na ardhi kuizunguka ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha mpaka kufanyika mfereji. Alikuwa akiibwekea ile sufuria.

Alipomwona Mikidadi, mbwa alinyamaza. Alilala kifudifudi, akatikisa mkia mara moja, akatoa sauti nyembamba kama ya mtoto aliyechoka kulia.

Mkono wa Mikidadi ulibaki hewani. Kwa muda wa miezi mitatu alikuwa akisikia matusi; kumbe alikuwa akisikia kiu.

Alirudi nyuma polepole. Alichukua jembe, akachimba shimo refu nyuma ya jiko, akaifukia nyama ile pamoja na gazeti lake, akaweka jiwe juu. Akaosha mikono. Kisha akajaza maji ndoo ndogo, akapenya mwanya wa ua, akaufungua mnyororo kutoka kwenye shina, mzunguko kwa mzunguko. Mbwa alikunywa mpaka ndoo ikalia tupu. Alipomaliza akamlamba Mikidadi kiganja, kiwiko na goti, bila kusahau mahali.

Shamsia aliporudi alimkuta mumewe bombani, akijisugua mkono kwa udongo kama mtu anayesugua sufuria.

"Kulikoni?"

"Hii ni ya nne. Zimebaki tatu."

Shamsia alitazama ua, akatazama ndoo, akaelewa. "Na yeye yuko wapi, mbona kimya?"

"Amelala," Mikidadi alisema, akapiga mwayo mrefu. "Na mimi nakwenda kulala."

Kesho yake, Jumapili, Mikidadi alivaa shati safi, akaenda kupiga hodi. Shamsia alimfuata kwa nyuma, maana alimjua mumewe. Hosiana alikuwa akifua uani. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya Mikidadi.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuhusu mbwa."

Hosiana aliliacha shuka lizame kwenye beseni. "Baba, nimemfunga kama ilivyotakiwa. Sasa mnataka nimfanye nini tena? Nimshone mdomo?"

"Nani alitaka afungwe?"

"Balozi alikuja hapa juma lile la kwanza. Akasema kuna mzee amechafuliwa kanzu, amekosa swala, na mbwa akionekana tena njiani nitafute nyumba nyingine. Kule kwetu Kisaki hajawahi kuvaa mnyororo tangu azaliwe. Huu wenyewe ni wa kufungia baiskeli ya baba. Sikuwa na mwingine."

Mikidadi aliyakumbuka maelezo yake kwa Bi Angelina. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Mzee huyo ni mimi," alisema.

Hosiana alimkodolea macho. Mtajiju peke yake ndiye aliyefurahi. Alikuwa akivuta mnyororo amfikie rafiki yake mpya.

"Na baba yako yuko wapi?" Shamsia aliuliza kwa upole.

"Wodini, mama. Mwezi wa nne sasa. Alikuwa juu ya dungu akilinda mahindi, ngedere wakaingia shambani, akasimama kwa haraka, akaanguka. Nyonga ikavunjika. Ndiyo maana nikapanga hapa, niwe karibu naye. Natoka alfajiri nimpelekee uji na kumwogesha, halafu, isipokuwa Jumapili, nakimbilia Mazimbu, naosha vyombo kwenye mgahawa, jioni narudi tena wodini. Nikifika hapa ni saa mbili usiku. Nikimwacha mbwa njiani, mnanifukuza. Nikimfungia ndani, anakula mlango. Nikimrudisha Kisaki, hana mtu." Alifuta macho kwa mkono wenye povu. "Kila siku baba huniuliza kwanza habari za mbwa ndipo aniulize zangu. Namwambia hajambo. Namdanganya mgonjwa."

"Na jina?" Mikidadi aliuliza kwa sauti ndogo. "Jina lake alimpa nani?"

"Baba. Ni la kuwaambia ngedere hilo. Akimwachia mbwa shambani huwapigia ukelele kule mitini, 'Haya, mtajiju!'"

Shamsia alicheka mpaka akashika mti. Mikidadi hakujua aweke wapi uso wake.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Mimi ni mlinzi wa usiku. Nalala mchana. Nimepewa barua mbili kwa kusinzia kazini, na nikakuona wewe ndiye adui yangu."

Hosiana alishika mdomo. "Kumbe! Baba, usichukie nikisema ukweli. Kila Jumapili nilikuwa nakuona madirisha umefunga saa sita mchana, unatoka unapiga miayo. Nikasema moyoni, mzee huyu mvivu jamani, kazi yake kulala na kushitaki."

"Umemjua!" Shamsia alidakia. "Hiyo ya kushitaki ni kweli kabisa."

Hapo wote watatu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichong'oa michongoma iliyokuwa mioyoni mwao.

Mchana uleule Mikidadi alikaza waya mrefu kutoka kwenye mpapai hadi kwenye nguzo ya jiko, akatia pete ya chuma, akaufunga mnyororo kwenye pete, ili mbwa aweze kukifuata kivuli huku na huku bila kujisokota. Aliifukia sufuria ya maji nusu ardhini isipinduke. Shamsia aliahidi kupeleka uji wodini mara tatu kwa juma, njiani akielekea sokoni. Na kila asubuhi, kabla ya kuoga, Mikidadi alipenya mwanya wa ua na ndoo yake. Akilambwa, aliosha mara saba bila kunung'unika. Mtajiju alibweka mara mojamoja tu, kama mbwa yeyote mwenye shughuli zake.

Mwezi mmoja baadaye Bwana Ketan alifika ghalani bila taarifa, saa kumi za alfajiri. Alimkuta mlinzi wake amesimama wima getini, tochi mkononi, macho makavu. Barua ya tatu haikuandikwa.

Asubuhi moja, saa nne, Mtajiju alibweka tena kama zamani, bila kupumzika. Mikidadi alizinduka. Zamani angetukana, safari hii alivaa msuli na kutoka mbio, akihofia kwamba maji yamekwisha. Maji yalikuwapo. Nje ya nyumba ya pili ilisimama bajaji, na Hosiana alikuwa akimshusha mzee mrefu, mkavu kama ukuni, aliyeegemea magongo mawili. Mbwa alikuwa ameuvuta waya mpaka mpapai unatetemeka.

"Shikamoo, mzee. Karibu nyumbani."

"Marahaba. Wewe ndiye jirani anayelala mchana?"

"Ndiye mimi."

"Basi samahani, huyu amekuamsha kwa ajili yangu." Mzee alijikongoja mpaka uani, akaketi kwenye kizingiti cha jiko, magongo chini, kichwa cha mbwa kikiwa tayari mapajani mwake. "Binti ameniambia mambo yote. Ameniambia mbwa wangu alikuwa akinyweshwa na mlinzi mwenzangu."

Mikidadi alitaka kusema neno, lakini macho yake yaliruka ua na kutua juu ya jiwe lililokuwa nyuma ya jiko lake. Majani yalikuwa yameanza kulizunguka. Akalimeza neno lile. Akamfungulia Mtajiju mnyororo kwa mkono wake mwenyewe, akaketi chini kando ya mzee, huku usingizi wote ukiwa umemtoka na hasira yote imemwisha. Ama kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.